Rubani msaidizi aliitekaje ndege ya Ethiopia mwaka 2014 bila silaha?

Swali, kutoka kwa Mwanamaji

Ndugu wanajukwaa, tarehe 17 Februari 2014 ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 702 kutoka Addis Ababa kwenda Milan kupitia Roma, ilitekwa na rubani wake msaidizi na kupelekwa Geneva ikiwa na watu 202, ambao wote walishuka salama. Nahodha alishindwaje kurudi katika chumba chake mwenyewe? Na ndege za kivita za Uswisi, nchi inayosifika kwa saa zake, zilikuwa wapi?

Kipanga

Ndugu Mwanamaji, nahodha alitoka kwenda msalani, na aliporudi akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Milango hiyo iliimarishwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 kwa dhana kwamba adui atatokea upande wa abiria, na ndiyo maana hata anayejua namba ya siri ya kuufungua kutoka nje anaweza kuzuiwa na aliye ndani kwa kubonyeza swichi tu. Mlango haujui nani nahodha na nani mtekaji. Kijana yule hakuhitaji bunduki wala kisu. Aliweka kwenye transponda, yaani kifaa kinachoitambulisha ndege kwa rada, namba 7500, ambayo waongoza ndege duniani kote huielewa kuwa ndege imetekwa, akazunguka juu ya Geneva huku akiulizia hifadhi, akatua mnamo saa kumi na mbili asubuhi, kisha akashuka kwa kamba kupitia dirishani na kujisalimisha kwa polisi.

Kwa maoni yangu, onyo hilo halikuchukuliwa kwa uzito uliostahili, labda kwa sababu hakuna aliyeumia. Machi 24, 2015 rubani msaidizi wa shirika la ndege la Ujerumani, Germanwings, alimfungia nahodha nje kwa namna ileile na kuiangusha ndege katika milima ya Alps nchini Ufaransa, wakafa watu 150. Ndipo mashirika mengi ya Ulaya yalipoagiza kwamba asibaki mtu mmoja peke yake katika chumba cha marubani.

Bi. Tausi

Kuhusu ndege za kivita, jibu linachekesha: ofisi zilikuwa hazijafunguliwa. Wakati huo marubani wa kivita wa Uswisi walikuwa tayari kuruka saa za kazi tu, yaani saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, kisha saa saba na nusu hadi saa kumi na moja jioni. Ndege hiyo ilisindikizwa na ndege za kivita za Italia na Ufaransa. Zamu ya saa 24 ilikamilika mwishoni mwa mwaka 2020.

Mwanamaji

Nawashukuru. Alihukumiwa nchi gani?

Kipanga

Kwa namna fulani, zote mbili. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1970, unaohusu utekaji wa ndege, unaitaka nchi alikokamatwa mtekaji ama imrudishe ama imfikishe mbele ya vyombo vyake vya sheria. Uswisi ilikataa kumrudisha. Ethiopia ikamhukumu bila yeye kuwepo, Machi 2015, kifungo cha miaka 19 na miezi 6, ilhali mahakama ya Uswisi baadaye iliona kwamba alitenda akiwa mgonjwa wa akili, ikaamuru atibiwe.