Mahindi ya GMO Dodoma: tunabishania tumbo, mbegu tumeisahau

Mwanzisha mada (Chamwino)

Wadau, habari za majukumu. Kila ukifika msimu wa kuandaa mashamba, ubishi wa GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa jeni maabara, unaibuka upya hapa Dodoma. Huyu anasambaza sauti ya WhatsApp kwamba mahindi fulani yanaleta saratani, yule anadai tunalala njaa kwa sababu wanaharakati wametunyima mbegu za kisayansi. Nitaweka msimamo wangu mapema: mimi siipingi GMO kwa sababu ya kuliwa. Ninachopinga ni mkulima wa hapa kuletewa mbegu asiyo na kauli juu yake. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kwa kuyachanganya tumefika mahali hatusikilizani.

Tukumbushane yaliyopita. Jaribio la kwanza la mahindi ya GMO nchini lilipandwa hapahapa kwetu, kituo cha utafiti cha Makutupora, Oktoba 2016. Wengi tunakijua kituo hicho kwa zabibu. Mradi uliitwa WEMA, wa mahindi yanayostahimili uhaba wa maji, ukiratibiwa na AATF, taasisi ya teknolojia ya kilimo Afrika yenye makao Nairobi. Taasisi ya Bill na Melinda Gates ilikuwa miongoni mwa wafadhili, na jeni zilitoka Monsanto, kampuni ambayo mwaka 2018 ilinunuliwa na Bayer ya Ujerumani. Kabla ya hapo mradi ulikwama kwa miaka kwa sababu ya kanuni za 2009 za usalama wa bayoteknolojia. Kanuni hizo zilimbebesha anayeleta GMO dhamana ya madhara yote, hata kama hakufanya uzembe wowote. Mwaka 2015 zikalegezwa kwa upande wa utafiti, ndipo wakapanda. Novemba 2018 Katibu Mkuu wa Wizara ya Kilimo akaagiza majaribio yasimame na mabaki yateketezwe. Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kusitishwa kwa utafiti wa GMO.

Ndani ya mahindi yale kulikuwa na nini? Jeni moja ilitoka kwa bakteria wa kwenye udongo aitwaye Bacillus subtilis, ikilenga kuusaidia mmea kuvumilia ukame. Nyingine ilitoka kwa bakteria mwingine, Bacillus thuringiensis, ndiyo hiyo wanayoiita Bt. Inaufanya mmea utengeneze protini inayotoboa utumbo wa bungua anapotafuna bua. Protini hiyo inahitaji vipokezi vilivyomo kwenye utumbo wa mdudu, na binadamu hana. Bakteria huyohuyo amepuliziwa mashambani tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na hata wanaolima kilimo hai wanamtumia.

Sasa hizi picha za panya wenye uvimbe mkubwa ambazo kila mtu amewahi kutumiwa. Zimetoka kwenye utafiti wa Gilles-Éric Séralini wa Ufaransa, uliochapishwa Septemba 2012. Kila kundi lilikuwa na panya 10 tu wa jinsia moja, tena wa aina ambayo ikizeeka huota uvimbe hata ikila chakula cha kawaida. Jarida lililouchapisha likauondoa 2013, na mwaka uliofuata ukachapishwa na jarida jingine. Lakini Kenya ilikuwa tayari imepiga marufuku uingizaji wa GMO Novemba 2012, na marufuku hiyo ikakaa karibu miaka kumi, mpaka Oktoba 2022. Ilipoondolewa, kesi zikafuata mahakamani.

Msinielewe vibaya. Kusema "GMO ni salama" ni sawa na kusema "dawa ni salama". Dawa ipi? Miaka ya tisini watafiti wa Marekani waliingiza kwenye soya jeni ya kokwa za Brazili ili kuongeza lishe. Walipopima wakakuta wamehamisha na kitu kinachowadhuru watu wenye mzio wa kokwa hizo, na soya ile haikufika sokoni. Kwa hiyo hatari ipo, na inaonekana kwa kupima zao moja moja. Taasisi za taifa za sayansi za Marekani zilipitia ushahidi wote mwaka 2016 zikasema hazikuona uthibitisho kwamba vyakula vya GMO vilivyoko sokoni vina hatari kubwa kwa afya kuliko vya kawaida. Hilo naliamini mpaka nioneshwe vingine.

Huku chini, mtu hata hajui GMO ni ipi. Nina duka dogo la pembejeo. Mama mmoja wa Bahi alishika pakiti ya kilo mbili ya chotara, akaigeuza mbele na nyuma, akafungua ya jirani yake aliyekuwa ameshalipia, akaona punje zina rangi nyekundu. Akaniuliza, "Mwanangu, hii rangi ndiyo yenyewe GMO?" Nikamweleza kwamba ile ni dawa ya fangasi na wadudu iliyopakwa kwenye mbegu, na kwamba chotara ni watoto wa mahindi mawili yaliyochavushwa kawaida. Akauliza tena, mbona nikirudishia mwaka wa pili hayazai vizuri? Ni kweli hayazai vizuri, na si kwa sababu ya jeni za maabara. Nikamsisitizia jambo moja: njaa ikibana asije akaiosha ile mbegu akaisaga. Hiyo dawa inaua leo, na hatuipigii kelele.

Kuku wa kisasa wanaitwa GMO. Tikitimaji lisilo na mbegu linaitwa GMO. Nyanya ngumu inaitwa GMO. Vyote hivyo si GMO, na wakati tunapoteza nguvu huko, swali la nani mwenye mbegu halina wa kuliuliza. Karibuni.

Mdau, Chemba

Kaka, mimi ni muuguzi na nitasema la upande wangu tu. Mwaka 2016, mwaka uleule waliopanda Makutupora, huku Chemba na Kondoa watu walianza kuletwa macho yamekuwa ya njano, tumbo limejaa, wanatapika. Familia moja wanaumwa wanne. Wengine walidhani ni kurogwa. Ilikuwa sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu ya fangasi kwenye mahindi. Dodoma na Manyara kwa pamoja zaidi ya watu 10 walifariki, na wengi walikuwa watoto.

Mahindi yale yalikuwa ya kwetu wenyewe, ya kienyeji, hayajaguswa na maabara yoyote. Yalivunwa yakaanikwa chini kwenye udongo, yakawekwa ndani hayajakauka. Sumu yenyewe haionekani kwa macho na kupika hakuiondoi. Halafu mtoto anaanza uji wa mahindi ana miezi sita, asubuhi na jioni. Nikisikia watu wanagombana kuhusu GMO nauliza, haya mahindi yaliyoua tayari mnayafanyia nini?

Mdau, Kibaigwa

Naunga mkono dada. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama mpakani, na hapa sokoni bei ikashuka. Iliondoa zuio baada ya siku chache kwa masharti. Ila na mimi niseme la biashara: kwa sasa tunaweza kumwambia mnunuzi yeyote kwamba mahindi ya Kibaigwa si GMO. Tukianza kuchanganya, nani atatenganisha gunia na gunia? Hapa mahindi ya wakulima mia yanamwagwa kwenye turubai moja.

Mdau, UDOM

Shikamooni wakubwa. Nasoma bayolojia hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, na nitapingana na mwanzisha mada kwa heshima.

Dada ametaja sumukuvu. Bungua akitoboa gunzi, fangasi wanapita kwenye tundu lile. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonesha mahindi ya Bt huwa na fumonisini kidogo zaidi, na hiyo nayo ni sumu ya fangasi. Kwa sumukuvu yenyewe matokeo hayajanyooka kiasi hicho, nakiri. Lakini tangu viwavijeshi vamizi viingie nchini mwaka 2017, wakulima wanapulizia sumu bila glovu wala barakoa, chupa zinaachwa kando ya mto. Hiyo nayo ni afya. Nigeria iliyaruhusu mahindi ya TELA, ambayo ni mwendelezo wa WEMA, Januari 2024. Sisi tuliteketeza.

Kuhusu umiliki: kampuni za mbegu zilipewa jeni zile bila kulipa mrabaha, kwa ajili ya wakulima wadogo. Sasa dhuluma iko wapi? Kinachoniuma zaidi ni kwamba tumesimamisha utafiti wenyewe. Ukizuia mbegu sokoni nakuelewa. Ukizuia Mtanzania kupima kwenye shamba la majaribio lenye uzio, kesho utaletewa matokeo ya wengine na hutakuwa na mtu wa kuyakagua.

Mdau, Kongwa

Marahaba mwanangu. Mimi ni bwana shamba mstaafu. Hapa Kongwa mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga, matrekta, reli na wataalamu wengi. Hawakuuliza mvua ya Ugogo inanyeshaje wala udongo huu ukikauka unakuwaje. 1951 wakaufunga. Simaanishi kila kitu kigeni ni kibaya. Namaanisha swali la kwanza lingekuwa: kwa nini mahindi?

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, kama milimita 550 au 600, na mara nyingi inakata Februari mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Mtama na uwele vinasubiri. Kituo cha utafiti cha Hombolo kiko palepale, mbegu za mtama za Macia na Tegemeo zipo, hazina hataza (hakimiliki ya uvumbuzi) ya mtu, unarudishia mwaka hadi mwaka. Na ile jeni ya ukame wanayoisifia, Afrika Kusini mwaka 2019 ilikataa mahindi ya Monsanto yenye jeni hiyo ikichanganywa na nyingine, kwa sababu takwimu hazikuonesha faida ya kutosha wakati wa ukame. Afrika Kusini si waoga wa GMO, wanailima tangu miaka ya tisini.

Jambo la mwisho, na hili sijasikia likisemwa na mtu. Mahindi hayana ndugu wa porini huku, asili yake ni Mexico. Mtama ni wa Afrika. Mtama mwitu uko kwenye mipaka ya mashamba yetu na unachavushana na wa shambani. Siku wakija na mtama wa GMO, jeni itatoka shambani na hakuna atakayeirudisha. Kunde ni hivyohivyo, na Nigeria wamesharuhusu kunde za Bt tangu 2019. Sisi tunakula kunde mpaka majani.

Mwanzisha mada

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la mtama mwitu limenigusa. Mimi nilikuwa nafikiria mahindi tu.

Mdogo wangu wa UDOM, kwenye utafiti niko na wewe zaidi ya unavyodhani. Kuteketeza hakukutufundisha kitu. Mimi na wakulima ninaowafahamu kuanzia Chamwino hadi Bahi hatujawahi kuitwa mahali tukasomewa kwa Kiswahili kwamba mahindi yale yalizaa gunia ngapi, bungua alipungua kiasi gani, na nini kilishindikana. Ninataka utafiti uendelee kwenye uzio, mikononi mwa TARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, fedha zake ziwe za umma, na matokeo yapelekwe kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kupelekwa kwenye hoteli.

Ila kwenye mrabaha sikubaliani nawe. Kusamehewa malipo hakukufanyi kuwa mwenye mali. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2013, kwenye kesi ya Bowman na Monsanto, ilisema kwa kauli moja kwamba mkulima hana ruhusa ya kuzalisha tena mbegu yenye hataza bila idhini, hata kama alinunua punje zile kihalali ghalani. Najua ile ni sheria ya kwao. Lakini msamaha uliotolewa na kampuni leo, kampuni ikinunuliwa kesho nani anaulinda? Monsanto tuliyoingia nayo 2016, miaka miwili baadaye haikuwepo tena kwa jina hilo.

Halafu Bt yenyewe. Kwa mdudu huyuhuyu wetu, bungua wa Afrika, Afrika Kusini ilipoteza nguvu ya Bt ya mwanzo chini ya miaka kumi. Mdudu alizoea. Dawa ya kuchelewesha hilo ni kuacha kipande cha shamba chenye mahindi ya kawaida ili bungua wasiozoea waendelee kuwepo. Mwenye ekari moja na watoto sita, utamwambia aache kipande kwa ajili ya wadudu? Na mbegu ikishachoka, kampuni italeta toleo jingine, kwa bei nyingine.

Dada wa Chemba, sina cha kukujibu zaidi ya kusema uko sahihi. Turubai la kuanikia na mfuko usiopitisha hewa havihitaji waziri wala kanuni mpya. Msimu huu navileta dukani, na nitauza kwa faida ndogo.

Mdau, UDOM

Kaka, la mtama nakubaliana na mzee kabisa, tusiuguse. La utafiti tuko pamoja. Linabaki moja: unataka kanuni kali za dhamana za 2009 zirudi kama zilivyokuwa? Maana zilipokuwepo hakuna aliyethubutu kupanda hata jaribio. Ukizirudisha, huo utafiti wa kwenye uzio unaoutaka hautafanyika.

Mwanzisha mada

Kwa utafiti wa TARI ndani ya uzio, zibaki zimelegezwa, nakubali. Kwa mbegu inayouzwa, zibaki kali kama zilivyokuwa. Mwenye mbegu anatuambia haina madhara na ametumia miaka kuipima. Kama ana uhakika huo, asaini kwamba poleni ikienda shamba la jirani na soko la jirani likaharibika, analipa yeye, si mkulima wala si halmashauri. Kibaigwa ameuliza nani atatenganisha gunia na gunia, na gharama hiyo haijatajwa na yeyote anayeitetea mbegu hii. Waliosoma sheria waje hapo: dhamana ya namna hiyo inaweza kuandikwa kwa mbegu za sokoni bila kuwafunga watafiti wetu?