Nimehamia kwa binti yangu Kimara, sasa nakatazwa hata kushika ufagio

MwalimuWaSoni:
Hamjambo wanangu na wajukuu zangu wa humu ndani. Mimi ni mama wa miaka 68, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Maisha yangu yote nimekaa Soni, Lushoto: asubuhi darasa la kwanza, jioni jembe. Aliyewahi kufika kule anajua hakuna tambarare. Kwenda kuchota maji unashuka, kurudi unapanda, na kurudi ndiko una ndoo kichwani. Nilipostaafu niliongeza shamba tu, maharage na karoti za kuuza.

Mwaka jana goti la kulia likaanza kuuma, hasa kwenye kushuka. Binti yangu akaja na gari, akanipakia, nikahamia kwake. Simlaumu. Lakini jamani, kila kitu marufuku. Nikishika ufagio, dada wa kazi ananipokonya: "Bibi pumzika, mama atanigombeza." Nikitaka kuchambua mchele, siku hizi unakuja kwenye mfuko hauna hata jiwe moja. Ua umetandikwa vitofali mpaka getini, huna pa kuchomeka hata kijiti cha muhogo. Kazi yangu ni tamthilia za Kituruki, tangu chai mpaka magharibi. Wabaya na wema nimeshawajua wote.

Na goti halijapona, limezidi kukaza. Kuinuka kwenye haya masofa ya kuzama naomba mkono, mimi niliyekuwa napanda kilima na mzigo wa kuni! Nikisema, naambiwa "mama umefanya kazi sana, sasa kula pensheni." Mkwe wangu kashauri niende jim. Jim nikamwinulie nani chuma?

Naomba kujua: ni kweli goti litapona kwa kupumzika? Na nyie mlio na umri kama wangu, hapa mjini mnashindaje?

Fizio_Moro:
Shikamoo mama. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, magoti ya namna hiyo nayaona kila siku.

Jibu ni hapana. Gegedu la gotini, yaani ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Linalishwa na ule ute wa ndani ya kiungo, na ute unaingia na kutoka pale goti linapobeba uzito na kuachiwa. Ukishinda umekaa halilishwi vizuri, na msuli wa mbele wa paja, ambao ndio mshikaji wa goti, unanyauka. Kwahiyo ukitaka kuinuka, goti linabaki na kazi yote peke yake.

Achana na sofa. Chukua kiti cha mezani, kigumu, kiegemeze ukutani. Kaa, simama, kaa, taratibu, bila kujisukuma kwa mikono ukiweza. Fanya hivyo kila tamthilia inapokatwa na matangazo. Kisha nenda jikoni, shika sinki, inua mguu mmoja, hesabu mpaka kumi, badilisha. Hilo ni la kuzuia kuanguka. Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wapate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli za wastani, na mazoezi ya nguvu na ya mizani ya mwili (kusimama bila kuyumba) siku tatu au zaidi. Kutembea kwa haraka kidogo kumo, kufagia ua kumo, na jembe pia limo.

Maumivu madogo yasikutishe mradi yatulie baadaye. Goti likivimba, likiwa la moto au likikwama, nenda likaangaliwe. Na kama unameza dawa za presha, usiku usiinuke ghafla. Kaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Kandambili zilizolika soli tupa leo.

Binti_wa_Rungwe:
Shikamoo mama. Nimtetee binti yako kidogo, maana nami nilimleta mama kutoka Tukuyu nikafanya yale yale. Siyo kazi tunayoiogopa, ni watu. Mama alionekana anafua nje, jioni jirani akaniuliza kama nimemleta mzazi wangu awe hausigeli. Halafu kaka zangu kwenye simu: "Akianguka kwako, tutakuuliza wewe." Ndiyo hivyo, ufagio unafichwa.

Kwa hiyo usiombe kazi, dai kitu kiwe mali yako. Mama yangu alidai bustani. Ardhi hatuna, tukatumia magunia. Kopo la rangi lililokatwa matako unalisimamisha katikati ya gunia, ndani unajaza kokoto, pembeni udongo na samadi. Unalivuta kopo juu, unajaza tena, mpaka gunia lijae. Kokoto zinabaki nguzo ya kupitisha maji. Ubavuni unatoboa matundu, unachomeka chainizi na matembele, juu unamwaga mbegu za mchicha. Sasa mama anainama, anachota maji, anagombana na kuku wa jirani, na mboga ananiuzia mimi mwanawe. Mkopo hatoi.

Kutembea iwe asubuhi kabla jua halijawaka. Barabara ya Morogoro usivuke peke yako, bodaboda hawaangalii mtu.

MzeeWaBaraza:
Assalaam alaykum. Bi Mwalimu, mie nipo Unguja, nina miaka 74, useremala nimeuacha kwa sababu ya macho. Kwetu huku tangu 2016 mzee akitimiza 70 hupata pensheni jamii hata kama hakuajiriwa. Si nyingi, ya kahawa haikosekani.

Haya ya viti na sinki sawa, lakini mie nakuuliza, unatoka kwenda wapi? Alfajiri naenda msikitini kwa miguu. Baada ya laasiri nipo barazani kwenye bao. Mashimo 32, kete 64, na kabla hujasogeza ya kwanza shurti uwe ushajua ya mwisho inaangukia wapi. Hapo kichwa hakilali. Na nisipoonekana, hutumwa kijana kuja kugonga mlango. Huko Kimara nani atagonga?

MwalimuWaSoni:
Marahaba kwa wote mlionisalimu. Fizio, "kwa hiyo" ni maneno mawili. Mengine yote nimekuwekea vema. Zoezi la kiti nimelianza. Dada wa kazi alidhani nimechanganyikiwa, halafu akajiunga, na yeye ndiye aliyechoka kwanza.

Mzee wangu wa Unguja, kuna kina mama wa mtaa huu wana kikoba chao Jumamosi. Walishanialika nikajifanya nina mafua. Nitakwenda.

Binti wa Rungwe, nimemsomesha binti yangu hayo ya majirani. Akanyamaza, kisha akaniuliza magunia yananunuliwa wapi. Hapa ndani kuna viroba vitupu vya mchele, vile vya plastiki. Vinafaa, au niagize gunia la katani toka Tanga?

Binti_wa_Rungwe:
La katani linaoza upesi kwa maji, mama. Tumia hivyo viroba, ila kimoja ukiingize ndani ya kingine, maana jua linavichana. Na matundu ya ubavuni usiyaanzie chini kabisa, udongo wote utamwagika.