Tupeane uzoefu: kadi za Krismasi za kuchora kwa rangi za maji

Tanga_la_Kisumu: Wadau, Novemba ndiyo hii na wateja wa kadi wameanza kuuliza. Tunaochora wenyewe tusimulie: karatasi gani, unachora nini, unauzaje? Nianze na karatasi, kwa maana ndiyo inayokula pesa. Manila ya kawaida ikionja maji inajikunja na kutoa manyoya. Mimi hununua ya gramu 300 kwa mita ya mraba, saizi ya A3. Naikata vipande vinne vya A5, kila kimoja nikikikunja nina kadi ya A6, na bahasha ya C6 inaimeza vizuri. Mstari wa mkunjo naupitisha kwanza mgongo wa kisu, la sivyo karatasi nzito hivyo inapasuka.

Ninachochora zaidi ni machweo ya Dunga, ufuo wetu wa ziwani hapa Kisumu. Nalowesha anga yote kwa maji safi, naweka njano chini, chungwa juu yake, halafu naondoa mkono ziungane zenyewe. Bluu haisogei hapo mpaka pakauke, maana ikikutana na chungwa bado mbichi utapata rangi ya matope. Mashua na tanga huja mwisho kabisa.

Binti_wa_Nakuru: Huku kwetu mteja anataka heroe tu. Wengi wao walihamia Bogoria maji ya ziwa yalipopanda, lakini kwenye kadi bado wako Nakuru na hakuna aliyelalamika 😂. Waridi yao ni nyekundu kidogo sana kwenye maji mengi. Viwimbi navichora kwa ncha ya mshumaa mweupe kabla ya rangi. Nta inakataa maji, mistari inabaki myeupe. Anayeanza ajue hili mapema: nyeupe ya rangi za maji ni karatasi yenyewe. Ukishaifunika, imekwenda.

Omwana_Kakamega: Niulize kwa heshima, hizi theluji mnazochora zinaanguka wapi, Mumias? Hata kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa, ile Mwingereza Henry Cole aliyomwagiza mchoraji Horsley aichore London mwaka 1843, haikuwa na theluji. Ni familia mezani na divai yao, na pembeni maskini wanalishwa na kuvishwa. Mimi nachora jogoo. Kwa Mluhya, Krismasi bila kuku ni siku ya kawaida. Nyingine inayokwenda sana ni basi la usiku kutoka Nairobi, carrier imejaa magodoro na masanduku. Wanaonunua ni haohao wanaolipanda.

Tanga_la_Kisumu: Mkuu, theluji inauzwa kwa watu wenye ndugu Ulaya. Usitukatie riziki.

Nyar_Winam: Kuna aliyejaribu karatasi ya gugu maji? Nina rundo nimepewa.

Binti_wa_Nakuru: Dada, hiyo inanyonya mno, rangi inatawanyika na ukingo unapotea. Unaweza kuipaka jelatini nyepesi na kuiacha ikauke, lakini mimi naona kazi bure. Ifanye jalada, kisha bandika mchoro wako uliochorwa kwenye karatasi nzuri. Ule ukwaruzo wake unapendeza zaidi ukiachwa bila rangi.

Nyar_Winam: Asante. Na bei? Juzi mteja kanilinganisha na kadi ya kuchapishwa dukani.

Omwana_Kakamega: Huyo muelekeze dukani kwa roho safi. Mimi huuza 250, na anayechukua nyingi kwa ofisi namwambia wazi kwamba hazitafanana, kila jogoo ana hasira zake. Oda za ofisi nazifunga mwisho wa Novemba, na nusu ya pesa inatangulia.

Tanga_la_Kisumu: Nusu itangulie, naunga mkono. Na ndani andikeni kwa kalamu ambayo wino wake hauogopi maji. Kadi iliyojipinda ilaze kifudifudi, lowesha mgongo wake kidogo kwa sponji, iweke chini ya vitabu vizito usiku kucha. Asubuhi imenyooka.

Nyar_Winam: Ukiwa na vitabu vizito. Nitatumia gunia la mahindi.