Tupeane uzoefu: mwaka wa utafiti ughaibuni kwa sisi wa Dodoma

Mleta uzi, Ipagala

Mbukwenyi wadau. Nimerudi Dodoma baada ya mwaka mzima London, nikisomea uzamivu kuhusu maji ya chini ya ardhi ya Makutupora. Najua humu wapo waliokwenda wakarudi, na wapo wanaosubiri viza. Tusimuliane ukweli wa mwaka ule, picha za theluji tumeshaziona za kutosha.

Naanza mimi. Visima vya Makutupora vimelinywesha jiji hili miaka na miaka, na vina vya maji yake vinapimwa tangu miaka ya 1950. Kumbukumbu ndefu namna hiyo ni adimu katika nchi kame za Afrika. Ukizichora, mstari unashuka mwaka baada ya mwaka, halafu ghafla unapanda. Mpando mkubwa ni wa El Niño ya 1997 na 1998. Mvua zetu za kawaida nyingi huishia kwenye mimea na jua. Zile za kupindukia ndizo zinazozama hadi kwenye akiba. Jiji linakua kila siku, na akiba yake haijazwi kila msimu.

Nilifika na mchoro huo kwenye kompyuta. Kikao cha kwanza na msimamizi wangu tuliujadili mpaka chai ikapoa, na tangu siku hiyo sikujiona mgeni. Baadhi ya wenzangu walifika mikono mitupu, wakakabidhiwa vipande vya miradi ya watu wengine. Walisoma vizuri, ila maswali hayakuwa yao. Kwa hiyo nasema kwa uzito wote: ondoka na swali lako la nyumbani, na data zake kama zipo. Baridi na chakula utazoea.

Mdau wa Hombolo

Mkuu, swali sawa. Data, inategemea. Mimi nilikuwa Japani, Tottori, kwenye kituo cha utafiti wa ardhi kame. Kule mwanafunzi mtafiti ni hadhi rasmi: unaingia maabara kabla hujadahiliwa shahada, unasoma lugha, unahudhuria semina, na mwaka ukiisha huna cheti cha shahada. Nyumbani kila simu wanauliza, "Umemaliza?" Waelezeni wazazi mapema, inaumiza pande zote.

Swali langu lilikuwa kiduha, gugu linalomaliza mtama wetu. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na inakaa udongoni zaidi ya miaka kumi ikingoja. Unazilowesha kwenye karatasi ya chujio, unaziweka kwenye joto siku kadhaa, kisha unadondoshea maji yaliyopita kwenye mizizi ya mtama. Kesho yake, chini ya hadubini, kijizizi cheupe kimechomoza. Bila maji yale hakuna kinachoota. Mtama wenye njaa ya fosforasi hutoa kemikali kuita kuvu wanaousaidia kupata chakula, na kiduha nacho kinausikia mwito huo. Babu yangu hung'oa kiduha kikishachanua, wakati mtama umeshanyonywa siku nyingi chini kwa chini. Siku nilipoona kijizizi kile nilimwaza yeye.

Mbegu za kwetu sikupata kibali cha kuziingiza, nikatumia zilizokuwa maabara. Anayepanga kubeba sampuli aanze vibali mapema sana.

Mkongwa

Mimi data zangu zilikuwa kwao Waingereza. Nilikwenda kusoma majalada ya mradi wa karanga wa Kongwa, wa serikali ya Uingereza enzi za ukoloni, ulioanza 1947 ukafutwa 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Yako kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa lao, Kew, London. Begi na koti vinabaki kabatini, kalamu ya wino hairuhusiwi, unaandika kwa penseli.

Bibi alikuwa akisimulia jinsi mibuyu ilivyoyashinda matrekta, na jinsi ardhi inavyokuwa ngumu mvua ikikata, karanga zisichimbike. Simulizi hizo ndizo zilizonielekeza jalada gani niombe. Nilikuta tani, ekari na vipuri kurasa kwa kurasa. Katika niliyosoma, Mgogo mwenye ardhi hakutajwa kwa jina. Sasa nazunguka na kinasa sauti kwa wazee wa Kongwa, na kila msimu wanapungua.

Mama K, Nkuhungu

Uholanzi, mwaka jana. Nilimwacha mwanangu kwa mama. Hilo la mtoto sitalipamba: niliumia, na nikifika usiku wa kumpigia, yeye keshalala. Tukahamishia simu asubuhi kabla ya shule, ikawa nafuu.

La pesa: kufungua akaunti ya benki nilitakiwa kwanza niandikishwe manispaa, na posho ikachelewa kwa hilo. Nendeni na kodi ya mwezi mfukoni.

Anayesubiri viza, Mpunguzi

Asanteni jamani. Nakwenda kusomea zabibu. Mzee wangu ana daftari za mvua na mavuno ya shamba lake, za mkono, zimechakaa. Nazo ni data?

Mleta uzi

Ni data, tena nzuri. Piga picha kila ukurasa mchana kwenye mwanga, hata iliyoliwa na mchwa, na umuulize mzee kila alama maana yake kabla hujasafiri. Daftari zenyewe muachie.