Krismasi ya kiangazi Cape Town: kwenda kuchoma nyama kwa jirani

Ndugu wanajumuiya,

Namjibu ndugu yetu aliyehamia Cape Town mwezi Agosti, ambaye majirani wamemwalika braai, yaani kuchoma nyama pamoja, siku ya Krismasi, naye anauliza aende vipi. Mimi nimeishi hapa miaka 12.

Usiende mikono mitupu. Kwetu kumwambia mgeni aje na chakula chake ni aibu, lakini hapa mara nyingi kila mtu huja na nyama yake na kinywaji chake, na mwenyeji hutoa moto, saladi na pap, ambayo ni ugali wa mahindi meupe. Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hilo, nikala nyama waliyoleta wenzangu, na mpaka leo linanisumbua. Uliza mapema: "Nije na nini?"

Ukialikwa saa saba mchana, kula kidogo nyumbani, kwa kuwa huenda nyama isiwekwe motoni kabla ya saa kumi. Hakuna anayekuchelewesha. Watu hukaa kuuzunguka moto wakizungumza, na jua la Desemba huzama karibu saa mbili usiku. Kuni zinazopendwa huku ni za rooikrans, mti ulioletwa kutoka Australia ukaenea hadi kuisonga mimea ya asili, kwa hiyo anayeuchoma hakosei. Ndimi za moto zikiisha na makaa yakavaa majivu meupe, mwenyeji huweka kiganja juu ya wavu na kuhesabu: akivumilia sekunde tano hivi, joto linafaa kwa soseji ya boerewors. Soseji hiyo, yenye harufu ya mbegu za giligilani, huchomwa ikiwa imekunjwa kama kata ya kichwani, wala haitobolewi, kwa sababu mafuta yakidondoka huamsha moto na nyama ikakauka. Koleo ni la mwenye moto, usilishike mpaka ukabidhiwe.

Ukija kuwasha wa kwako, tazama upepo wa kusini-mashariki, ambao majira haya huvuma kwa nguvu huku milima ikiwa mikavu. Ukimaliza, mwaga maji mpaka majivu yapoe kabisa. Usifukie makaa kwa mchanga, kwani hubaki na moto chini kwa saa nyingi, na watoto hukanyaga pekupeku.

*

Kaka, ahsante kwa maelezo. Naomba kuongeza jambo kwa Waislamu wenzangu, maana sisi pia hualikwa siku hiyo, na kuitika wito wa jirani ni wema.

Boerewors kwa sheria lazima iwe na nyama isiyopungua asilimia 90, lakini nyama hiyo yaweza kuwa ya ng'ombe, kondoo, mbuzi au nguruwe, au mchanganyiko wake. Kwa kuwa mji huu una Waislamu wa tangu zama za Waholanzi, bucha za halali ni nyingi, kuanzia Bo-Kaap hadi Athlone, nazo huuza boerewors ya ng'ombe mtupu. Mimi huenda na nyama yangu pamoja na wavu wangu mdogo, na humweleza mwenyeji siku moja kabla, si mbele ya wageni. Mwaka jana jirani yangu alinitengea makaa pembeni kwa sepetu, akaniwekea matofali mawili ya kuegemeza wavu, kabla hata sijafika.