Mrejesho: Tathmini ya mradi usiokuwa na takwimu za awali

Ndugu zangu, nilipouliza namna ya kutathmini mradi wa mafunzo ya ufundi kwa vijana ambao haukuwa umekusanya takwimu za awali, yaani za hali ya vijana kabla ya mafunzo, wengi mlinishauri nianze na maswali kabla ya kugusa dodoso, na ushauri huo ndio uliotuongoza. Tulikaa na wafadhili, wakufunzi na vijana wenyewe, tukauliza ni uamuzi gani utakaofanywa kwa kutumia matokeo, kisha tukaondoa kila swali ambalo jibu lake lisingemsaidia yeyote kuamua. Kati ya vigezo 6 vya kutathmini miradi vya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, tulichagua ufikiaji wa malengo na uendelevu pekee. Sioni haja ya kuvibeba vyote pale ambapo muda na fedha ni haba.

Pengo la takwimu tuliliziba kwa fomu za usajili, zilizoonyesha kila kijana alikuwa na kazi gani alipojiunga, maana kumbukumbu ya mtu kuhusu kipato chake cha zamani huyumba. Tuliwahoji pia walioacha mafunzo njiani. Hao ndio waliotufunulia kwamba ratiba ya asubuhi iliwafungia nje wasichana wenye watoto wachanga, jambo ambalo wahitimu wasingeweza kutueleza. Kwa kuwa hatukuwa na kundi linganishi, yaani vijana wa aina hiyo hiyo ambao hawakupitia mradi, hatukudai kwamba ajira zote zilizopatikana zimetokana na mradi. Ripoti inasema mradi ulichangia, na inaonyesha ushahidi wake. Uongozi umeshakubali kuhamishia darasa moja alasiri. Asanteni sana.