Mjadala: Canter za umeme njia ya Mbeya–Kyela, tuanze au tusubiri?

Mleta mada (msimamizi wa magari, Uyole)
Wakuu, hili naomba tulijadili kwa uzito. Nasimamia Canter tano za familia. Zinashuka Tukuyu na Kyela na sabuni na bidhaa za dukani, mara nyingi nusu tupu, zinarudi na mchele, ndizi na kakao. Mzee amechoshwa na bei ya dizeli, anataka auze zote anunue za umeme kwa mpigo. Mimi nasema tusinunue hata moja kabla hatujajua njia yetu inakula kiasi gani.

Kila mtu anasema gari la umeme likiteremka linajichaji. Ni kweli, mota inageuka jenereta na inashika gari. Lakini angalieni mzigo wetu unaelekea wapi. Kyela iko karibu mita 500 kutoka usawa wa bahari, na kuja Mbeya lazima uvuke milima ya Uporoto, zaidi ya mita 2,000. Canter ya tani 7 pamoja na mzigo, kuipandisha mita 1,500 tu ni karibu uniti 29 za umeme. Hapo bado matairi, upepo, na safari yenyewe ya zaidi ya kilomita 100. eCanter, yaani Canter ya umeme, ya betri ndogo ina takriban uniti 41. Ya betri kubwa inafika 124, ila uzito wa betri unakula nafasi ya magunia. Na sisi tunashuka wepesi, tunapanda tumejaa mpaka turubai limetuna. Mteremko hauwezi kuulipa mlima huo.

Pendekezo langu: mbili za kwanza zisambaze mjini, Mwanjelwa mpaka Mbalizi, jioni zilale yadi. Tatu za Kyela zibaki dizeli kwanza. Wanaopinga waje na hoja.

Dereva, njia ya Kyela
Bosi, umesahau breki. Nikishuka na mzigo nashika gia ndogo, ekzosi breki juu, na bado nanusa breki zinaungua. Tandiboi ameshika jiwe mkononi tayari kuruka. Gari ambalo mota inalishika ni uhai wetu. Usipime kwa uniti peke yake.

Mleta mada
Kaka, hoja yako inazidi zangu zote, na nitamfikishia Mzee. Ila betri iliyojaa haina pa kuweka umeme, kwa hiyo mota haishiki vile unavyotarajia. Sisi wa Uyole tunapanda kwanza, betri inapata nafasi. Aliyeko Isongole, kule juu mlimani, akiichaji ijae kisha akashuka, anajiweka pabaya. Dereva afundishwe hilo, na anayechomeka waya usiku pia.

Mfanyabiashara wa viazi, Rungwe
Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, sikatai. Lakini nguzo ikilala kwa mvua za Aprili huku kwetu, bwawa halinisaidii na viazi vyangu vinaozea kwenye gunia. Subirini wenye mitaji waanze.

Fundi umeme, Makambako
Mzee aanze na yadi. Chaja tano za kilowati 22 zikiwashwa pamoja saa moja jioni ni kilowati 110. Transfoma ya kVA 100 haibebi hiyo, na majirani wanapika saa hiyohiyo. Lakini gari likihitaji uniti 60, magari matano ni uniti 300. Zigawe kwa saa 10 za usiku, unapata kilowati 30. Tafuteni chaja zinazopeana zamu zenyewe. Tena wateja wakubwa wa TANESCO hawalipii uniti tu, wanalipia na kilele cha matumizi ya mwezi, yaani kiwango cha juu kabisa walichovuta kwa wakati mmoja. Usiku mmoja wa kuchaji yote kwa pamoja unaweza kuharibu hesabu ya mwezi mzima.

Mleta mada
Fundi, ahsante, hiyo ya kilele sikuwa nayo. Mzee wangu wa viazi, nguzo ikilala zile dizeli tatu zitakufuata. Kusubiri huku tumekunja mikono ndiko nisikokubali. Kuanzia Jumatatu kila dereva anaandika kilomita, uzito wa kwenda, uzito wa kurudi, lita alizotumia, saa aliyoingia yadi na saa aliyotoka. Nimechora safu sita kwenye daftari. Mwenye safu ya saba aiseme leo, kesho napeleka kuchapa.